Taji la dragi halilipi kodi ya nyumba

Juzi nimeisikia tena, darasani kwangu Sinza, mwanafunzi kakodolea macho simu anaangalia vipande vya RuPaul's Drag Race, shindano la runinga la Marekani la dragi, yaani sanaa ya jukwaani ya mavazi na mekapu iliyotiwa chumvi, mara nyingi wanaume wakiigiza wanawake: "Mwalimu, huyu alitolewa wa kwanza. Kwisha habari yake." Nafundisha mekapu ya jukwaani, na kauli hiyo imenichosha.

Dhana: ukishinda umetajirika, ukitolewa umekwisha.

Ukweli: kipindi kilipoanza Marekani mwaka 2009, BeBe Zahara Benet, mzaliwa wa Kameruni, alishinda dola 20,000. Zawadi ikapanda hadi 100,000, na mwaka 2023 ikafika 200,000. Ni hela nyingi, sikatai. Lakini msanii huja na magauni, mawigi na viatu vyake mwenyewe, na wapo waliokopa ili wavipate. Toa kwanza deni hilo, ndipo uhesabu utajiri. Uingereza, ambako kipindi kilianza 2019 kwenye BBC, mshindi hapewi hata senti. The Vivienne, aliyeshinda msimu wa kwanza, aliendelea kutafuta kazi kama wengine: mwaka 2023 alishika nafasi ya tatu katika shindano la kucheza dansi juu ya barafu, akaigiza pia katika tamthilia ya muziki.

Sasa tuje kwa hao "waliokwisha". Trixie Mattel alitolewa mara mbili ndani ya msimu mmoja, mwaka 2015. Mwaka 2018 akashinda msimu wa washiriki waliorudi, na 2019 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Na huyo wa kwenye simu ya mwanafunzi wangu ni Vanessa Vanjie Mateo. Alitoka wa kwanza kweli, 2018, akirudi kinyumenyume huku akilitaja jina lake mara tatu. Jina likakaa midomoni mwa watu, na mwaka uliofuata akaitwa tena. Kinachomlisha msanii ni kumbi, ziara na bidhaa anazouza. Runinga inamtangaza tu. Ndiyo maana kila wiki nawasisitizia wanafunzi, mpaka wanakereka, wajifunze cherehani. Anayejishonea hela yake inabaki mfukoni.

Dhana: watazamaji hupiga kura.

Hapana, hapa hakuna SMS. RuPaul, mwenye kipindi, huwasikiliza majaji, wawili waliofanya vibaya hushindana kufuatisha wimbo kwa midomo, kisha yeye ndiye anayeamua nani abaki.

Dhana: dragi ni ya wanaume waliozaliwa wanaume tu.

Mwaka 2021 Gottmik, mwanamume aliyebadili jinsia, alifika fainali Marekani. Mwaka huohuo Victoria Scone, aliyezaliwa mwanamke, aliingia shindano la Uingereza.

Dhana: lazima unyoe nyusi.

Wapo wanaonyoa, lakini wengi huzilaza kwa gundi ya kijiti, ileile ya watoto wa shule. Zichane kuelekea juu, paka, acha ikauke, paka tena, mpaka ukipitisha kidole husikii unywele. Ndipo ije poda, halafu faundesheni. Wanafunzi wangu wanakosea kwenye kusubiri. Kwa joto hili la Dar, safu ya chini ikiwa bado mbichi, jasho linapenya na nyusi zinanyanyuka katikati ya wimbo, mbele ya watu. Kila ukimaliza safu moja, kaa mbele ya feni.