Je, wajua kwa nini cheni ya pikipiki hupasua injini ilhali kava ipo?

Muulize dereva wa bodaboda kava ya cheni ni ya kazi gani. Wengi watakujibu kwamba inakinga injini, cheni isije ikakatika ikaipiga. Jibu hilo linaingia akilini, na mimi mwenyewe nililiamini kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba kava haifiki mahali penyewe. Inaanzia nyuma ya injini na kuelekea gurudumu la nyuma, ilhali ganda la injini hupasukia mbele, pale sproketi ndogo, yaani gurudumu la meno linaloivuta cheni, ilipojificha chini ya kifuniko chake.

Kava iliwekwa kwanza kwa ajili ya nguo. Boxer na TVS HLX, ambazo zimejaa barabarani kwetu, ni za kampuni za India, na sheria ya nchi hiyo inataka kila pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Huko wanahofia sari. Huku kwetu ni dera, kanga na baibui la mama aliyekaa upande, miguu ikining'inia kushoto, upande uleule wa cheni. Kazi ya pili ya kava, hasa ile inayofunika cheni nzima, ni kuzuia vumbi na matope yasichanganyike na grisi, maana mchanganyiko huo hula pini za cheni kama msasa. Kwa hiyo fundi akikushauri uitoe kava "ili pikipiki ipumue", usikubali. Ila usiitegemee kwa kulinda injini.

Kosa la pili linafuatana na hilo la kwanza: watu hudhani cheni iliyokatika hupasua injini kwa kuichapa kama kiboko. Hebu tupige hesabu. Cheni ya namba 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Sproketi ya nyuma yenye meno 42 huvuta milimita 533 za cheni kila inapozunguka mara moja, na katika mzunguko huohuo tairi huwa limekwenda karibu mita 1.9. Maana yake, pikipiki ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, cheni inapita kwenye fremu kwa kilomita 17 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli! Ncha iliyokatika huweza kurushwa kwa kasi zaidi ya hapo, na mguu itauumiza, lakini kwa kawaida kinachopasua ganda ni kubanwa.

Umewahi kutazama mashine ya kukamua miwa? Rola zake zimeachiwa nafasi ya muwa mmoja. Muwa ukipita peke yake, mashine inazunguka vizuri. Ukiukunja mara tatu na kuusukuma kwa pupa, ama rola zinakwama, ama fremu inalia. Sproketi ya mbele ni rola moja, na ukuta wa ganda la injini ndio rola ya pili, tofauti ikiwa kwamba ukuta huu hauzunguki. Kati yao pana nafasi ya cheni kupita na ziada kidogo, mara nyingi unene wa kidole tu. Cheni ikikatika upande wa juu, sproketi huendelea kuimeza. Ncha iliyolegea badala ya kutoka chini hunata kwenye meno, ikapanda tena na kukutana na cheni nyingine inayoingia. Sasa ziko tabaka mbili mahali pa tabaka moja, na hiyo ndiyo kabari.

Nguvu ya kuigongomea kabari hiyo si haba. Kwenye gia ya kwanza, injini ya cc 150 huweza kuivuta cheni kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300, zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Na cheni ikiwa imechomoka tu bila kukatika, gurudumu la nyuma nalo huendelea kuvuta kwa uzito wote wa pikipiki na abiria. Ganda ni aluminiamu ya kumimina, ambayo haipindi kama bati: inavumilia mpaka mahali fulani, kisha inapasuka ghafla na oili kuanza kumwagika.

Kinga halisi, basi, ni kibamba kidogo kilichopinda kinachofungwa kati ya sproketi ya mbele na ganda. Pikipiki za mashindano ya matopeni huwa nacho. Kazi yake ni kupokea pigo na kulitawanya, kisha kubadilishwa. Fundi anaweza kukikata kutoka kwenye bapa la chuma la milimita 3 na kukifunga kwenye matundu yaleyale ya bolti za kifuniko cha sproketi. Bolti za milimita 6 ziwe ndefu zaidi, ziingie kwenye uzi angalau milimita 9. Kisiguse cheni hata ukiivuta kwa mkono. Asitoboe ganda kutafuta mahali pa kukifungia, kwa kuwa nyuma yake kuna oili. Na pigo likiwa kubwa sana, kibamba kinaweza kuzihamishia nguvu kwenye matundu ya bolti, kwa hiyo kinapunguza hatari bila kuiondoa.

Kinachosaidia zaidi ni cheni isifike huko. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele na ukwangue ule ukoko wa grisi na matope, maana ndio unaoila nafasi. Ulegevu wa cheni uwe milimita 20 hadi 30, ukipima katikati ya upande wa chini. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, kifuate. Ikilegea mno inaruka meno, ikikazwa mno huvuta beringi na sili ya shafti ya sproketi kila unapopakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kwa sababu uzito huikaza zaidi. Pima pia viungo 20: cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254, na ikifika 259 ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili. Klipu ya kiungo cha loki, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni, ielekezwe upande wake uliofumba kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, kitu chochote kinachoigusa kinaweza kuisukuma itoke.

Ikishakwama, usiisukume pikipiki kwenda mbele ukidhani nyutro itasaidia. Sproketi ya mbele imeunganishwa na gurudumu kwa cheni hata gia zikiwa zimeachia, kwa hiyo kila hatua inaikaza kabari. Fungua kifuniko, toa cheni kwa mkono, osha ganda kwa petroli, likauke, kisha tazama kama kuna mstari mwembamba wa oili unaojitokeza tena.