Mfalme Mchanga: Nani Hushika Muhuri Mtoto Akiwa Amebeba Cheo?

Mfalme mchanga ni mtu aliyerithi kiti cha enzi akiwa bado ananyonya, au siku ile ile aliyozaliwa. Mtoto wa miaka kumi anayevikwa taji ni mfalme mdogo, lakini angalau anaweza kuketi barazani, kusikiliza na kujibu. Mchanga hawezi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo dhana hii haieleweki kwa kumtazama mtoto mwenyewe. Inaeleweka ukitenganisha vitu viwili ambavyo kwa mfalme mtu mzima hukaa pamoja: cheo na mamlaka. Cheo kinamfikia mtoto papo hapo. Mamlaka yanashikwa na mwingine, anayeitwa kaimu mfalme, mpaka mtoto akue.

Msomaji wa Kakamega au Siaya aliyewahi kufuatilia kesi ya urithi mahakamani anaijua nusu ya kanuni hii tayari. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 3(2), inamhesabu mtoto aliyeachwa tumboni kuwa mtoto wa marehemu, mradi azaliwe hai. Kifungu cha 58 kinaongeza kwamba pale ambapo mali itabaki chini ya amana, yaani ikishikwa na mtu kwa niaba ya wengine, kwa mfano kwa sababu warithi ni watoto, mtu mmoja peke yake hapewi barua za usimamizi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu. Sababu yake kila familia inaijua: msimamizi aliye peke yake hana wa kumhoji. Tofauti ni kwamba shamba linagawanyika na kiti hakigawanyiki, na pengo la kiti haliwezi kungoja kikao cha wazee hadi mwezi ujao.

Kisa kigumu zaidi ni cha mfalme anayekufa akimwacha mkewe mjamzito. Alfonso XII wa Hispania alifariki tarehe 25 Novemba 1885. Alikuwa na mabinti wawili, na mkubwa, Mercedes, alikuwa na miaka mitano. Sheria ya huko ilimtanguliza mtoto wa kiume hata akizaliwa wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyejua kama Mercedes ni malkia au la. Wahispania walikaa karibu miezi sita bila mtu wa kumtaja kitini, mama akishika ukaimu. Tarehe 17 Mei 1886 akazaliwa mvulana, Alfonso XIII, mfalme tangu pumzi yake ya kwanza. Uingereza ilichagua njia nyingine. Victoria alipotangazwa malkia mwaka 1837, tangazo lenyewe liliweka akiba ya haki ya mtoto yeyote ambaye angezaliwa na mjane wa mfalme aliyetangulia. Hakuzaliwa mtoto, na jambo likaishia hapo.

Ufaransa ya 1316 inaonyesha jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Louis X alikufa mwezi Juni, mwanawe Jean I akazaliwa tarehe 15 Novemba, na baada ya siku tano hivi mtoto akafa. Ami yake Philippe, aliyekuwa kaimu, akawa mfalme.

Kwa watu wa Kisumu na Nakuru, mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka kadhaa haukuwa hata ng'ambo: mpaka tarehe 1 Aprili 1902 sehemu hii ya Kenya ilihesabiwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Kabaka, yaani mfalme, Mwanga wa Buganda aliwaasi Waingereza mwezi Julai 1897, akashindwa, akakimbia. Mwezi uliofuata mwanawe Daudi Chwa, aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 1896, akawekwa kitini. Alikuwa amemaliza tu mwaka mmoja.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Buganda haikuwa na desturi ya kifungua mimba kurithi. Kwa kweli mwana wa kwanza wa Kabaka, anayeitwa Kiweewa, ndiye hasa asiyestahili, na mrithi alichaguliwa miongoni mwa wana wa mfalme. Mahali pa kuchagua namna hiyo, mchanga hupitwa kwa kawaida, maana wakubwa wapo. Mchanga akichaguliwa mahali kama hapo, uliza ni nani amefaidika na uchanga wake. Mwaka 1897 walikuwa wengi: Waingereza walipata mfalme asiyeweza kuasi, na machifu wakubwa wakapata miaka mingi ya kutawala kwa jina lake.

Makaimu walikuwa watatu: Apolo Kagwa, Zakaria Kisingiri na Stanislaus Mugwanya. Wawili wa kwanza walikuwa Waprotestanti, wa tatu Mkatoliki. Waislamu, ambao nao walikuwa wamepigania kiti hicho miaka michache tu kabla, hawakuwa na wao. Tarehe 10 Machi 1900 hao watatu ndio waliotia sahihi mkataba na Harry Johnston, mjumbe wa Waingereza, Kabaka akiwa na miaka mitatu na nusu. Mkataba ulitaja hata malipo: Kabaka angepata pauni 1,500 kwa mwaka, lakini wakati wa utoto wake nyumba yake na walezi wake wasingepewa zaidi ya pauni 650, na kila kaimu angelipwa pauni 400. Ardhi ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko yote. Maili 350 za mraba zilitengwa kwa Kabaka, na maili 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi wapatao elfu moja, makaimu nao wakipewa sehemu yao mbali na hizo. Daudi Chwa alifikisha miaka 18 mwaka 1914 na kukabidhiwa mamlaka, lakini ardhi ilikuwa imekwisha gawanywa. Mtoto hakuweza kukataa, na alipokua hakuweza kurudisha.

Ukaimu unaodumu hugawa kazi tatu: kushika muhuri, kushika hazina, na kumshika mtoto mwenyewe. Kazi hizi zikikusanyika kwa mtu mmoja aliye na haki ya kurithi, mtoto yuko hatarini. Waingereza walilielewa hilo mwaka 1422. Henry VI alipata ufalme akiwa na miezi tisa kasoro siku chache, na Oktoba ya mwaka huo huo akadaiwa pia kuwa mfalme wa Ufaransa kwa kifo cha babu yake mzaa mama. Ami yake, Gloucester, alidai ukaimu kamili. Baraza likakataa, likampa cheo cha mlinzi tu, tena pale ambapo kaka yake Bedford hayupo nchini. Malezi ya mtoto yakawekwa kwa watu wengine. Mpango huo ulikuwa na ugomvi mwingi, lakini mtoto alifika utu uzima na taji lake.

Kazi ya kumshika mtoto huonekana ndogo, nayo ndiyo huleta vita. Mary wa Uskoti alikuwa na siku sita baba yake alipokufa, Desemba 1542. Anayemshika binti kama huyo anashika pia ndoa yake, na ndoa yake ni nchi. Henry VIII wa Uingereza alimtaka kwa mwanawe, Waskoti wakakubali kisha wakakataa, majeshi yakavuka mpaka, na mwaka 1548 mtoto akapelekwa Ufaransa akiwa na miaka mitano.

Ivan VI wa Urusi hakupata hata nafasi hiyo. Alirithi Oktoba 1740 akiwa na miezi miwili. Kaimu wa kwanza aliondolewa baada ya wiki chache, mama yake akashika, na mwishoni mwa 1741 Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, akaingia ikulu usiku na askari. Ivan alikaa kifungoni hadi 1764, alipouawa akiwa na miaka 23. Kosa lake lilikuwa kuwa hai: mfalme mchanga aliyepinduliwa hukua, na kila asiyeridhika na utawala huwaza jina lake.

Ukaimu mwema upo pia, na mfano wake bora ni wa Kiafrika. Sobhuza II wa Uswazi, leo Eswatini, alizaliwa Julai 1899, baba yake akafa Desemba mwaka huo huo. Bibi yake, Labotsibeni, alitawala kwa niaba yake hadi 1921. Wazungu walipochukua karibu theluthi mbili za ardhi, aliwahimiza vijana waende kufanya kazi migodini na kuchanga fedha za kuikomboa. Mjukuu alipokabidhiwa kiti alikuta madai yaliyo hai na hazina ya kuyaendeleza. Mfano wa miaka ya karibuni uko Toro, ufalme ulio hapo Uganda: Oyo alirithi mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu, akafikisha 18 mwaka 2010.

Basi unaposoma orodha ya wafalme waliotawala muda mrefu, angalia hesabu imeanzia wapi. Sobhuza alifariki Agosti 1982, na huandikwa kuwa alitawala zaidi ya miaka 82. Hiyo ni miaka ya cheo. Ukihesabu tangu alipokabidhiwa mamlaka mwaka 1921, inabaki takriban 60. Ile mingine ni ya Labotsibeni.