"Hii Imezeeka Tu": Dhana Potofu Kuhusu Laptopu Iliyokuwa Nzito

Miongoni mwa wenye laptopu hapa Mombasa kuna imani iliyokita mizizi: baada ya miaka minne mitano mashine huchoka ikapungua kasi, na Windows iliyomo huchoka nayo. Ndiyo maana mtu huiuza kwa bei ya kutupa laptopu yenye prosesa (ule ubongo wa mashine) nzuri kabisa, akaenda zake Moi Avenue kununua nyingine ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, ambayo mara nyingi ni kongwe kuliko ile aliyoiuza. Aliyeinunua kwake huifungua, hubadilisha kitu kimoja, kisha huirudisha kabatini kwa bei maradufu. Ni biashara halali, sina neno nayo. Ila faida ile ingeweza kubaki kwa mwenye mashine, lau angejua ni kitu gani hasa kinachozeeka.

"Prosesa imechakaa"

Prosesa haina meno ya kulika wala mpira wa kuisha. Hufanya kazi kwa mapigo ya saa yanayoongozwa na kipande kidogo cha fuwele, na iliyotoka kiwandani mwaka 2015 ikiwa na kasi ya 2.6 GHz bado inaweza kupiga mapigo bilioni 2.6 kwa sekunde leo, ikiruhusiwa. RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi iliyo mkononi, ni vivyo hivyo. Vipande hivi huharibika, sikatai, lakini vikiharibika hujitangaza: mashine hukataa kuwaka, hujizima katikati ya kazi, au skrini hugeuka buluu. Havipungukiwi nguvu siku hadi siku kama mzee anayepanda ngazi za ghorofa ya tano.

Kazi ipo katika hilo neno "ikiruhusiwa". Prosesa za siku hizi hujipima joto zenyewe, na linapokaribia nyuzi 100 hivi za Selsiasi hujipunguzia kasi zisije zikaungua. Sasa ichukue hali hiyo uilete pwani, msimu wa kaskazi, ndani ya chumba kisicho na AC, ambapo hewa ambayo feni inaivuta ili ipoze mashine tayari ina nyuzi 32, unyevu na chumvi. Halafu weka laptopu juu ya godoro.

Nikiufungua mfuniko wa chini wa mashine iliyotumiwa kitandani miaka kadhaa, najua nitakachokikuta. Kati ya feni na mapezi ya kutolea joto huwa pamejikusanya tabaka la kijivu la pamba, nywele na vumbi. Ukilibandua kwa kibano hutoka zima, na mistari ya mapezi imechapika upande mmoja. Bomba la shaba linalobeba joto limeanza kuota kijani kwa chumvi. Pesti inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto, ambayo ilikuwa laini siku ya kwanza, imekauka na inadondoka magamba. Mashine ya namna hii huwaka vizuri asubuhi, hukimbia dakika kumi za mwanzo, kisha huanza kuvuta miguu huku feni ikipiga kelele. Dalili ndiyo hiyo: ikiwa nyepesi ikiwa baridi na nzito ikishika moto, usiilaumu Windows. Kusafisha na kupaka pesti mpya ni kazi ya chini ya saa moja kwa fundi anayejua kushika bisibisi.

"Windows huchoka yenyewe"

Mfumo endeshi kama Windows ni maagizo yaliyoandikwa. Hayafifii kwa kusomwa mara nyingi. Ukiipata laptopu ya mwaka 2010 ikiwa nzima, ukaiwekea Windows 7 pamoja na programu za wakati ule, itakwenda kwa kasi ya wakati ule. Kinachobadilika ni mzigo, na mzigo huingia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni programu zinazojianzisha mara tu unapowasha: ya printa iliyokwisha kuuzwa, ya mikutano ya video uliyoitumia mara moja, ya muziki, na antivirasi mbili zinazochunguzana zenyewe kwa zenyewe. (Tangu Windows 8, mfumo huja na kinga yake ya virusi. Kuongeza mbili juu yake ni kujitafutia foleni.) Mama mmoja mwenye ofisi ya tiketi za ndege aliniletea yake akiwa amekasirika.

"Mwanangu, mimi sikuweka chochote humu."

"Mama, zilijiweka ulipokuwa ukibonyeza Next, Next."

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, uende sehemu iliyoandikwa Startup, uzime usizozihitaji. Huko ni kuzizuia zisijianzishe tu, hazifutiki. Mara nyingi hapo pekee mtu hurudishiwa nusu ya subira yake.

Njia ya pili ni kwamba kazi yenyewe imekuwa kubwa. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na RAM ya MB 64. Windows 7 ya 2009 ikataka GB 1, yaani MB elfu moja na ushee. Windows 11 ya 2021 haikubali chini ya GB 4, na kwa GB 4 utafanya kazi moja kwa wakati mmoja huku ukiomba Mungu. Kurasa za intaneti nazo zimenenepa: ukurasa wa habari uliokuwa maandishi na picha mbili sasa una video zinazojianzisha, matangazo na vijiprogramu vya kukufuatilia. Niklaus Wirth, Mswisi aliyeunda lugha ya Pascal, alilalamika tangu mwaka 1995 kwamba programu zinaongeza uzito haraka kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Kwa hiyo laptopu yako inaweza kuwa vile vile ilivyokuwa mwaka 2014, ila unaitwika mzigo wa leo.

Wale wanaosema "tangu masasisho yale mashine imekuwa nzito" hawaoti ndoto nyakati zote. Januari 2018 yalitangazwa mapengo mawili ya usalama ndani ya prosesa zenyewe, Meltdown na Spectre, na viraka, yaani masasisho ya kuyaziba, vilipunguza kasi. Microsoft wenyewe walikiri kwamba wenye prosesa za zamani, hasa waliokuwa bado kwenye Windows 7 na 8, wangeuhisi upungufu huo. Kweli ni kweli. Lakini kuzima masasisho kwa sababu hiyo ni kuacha mlango wazi ili upepo uingie. Kirusi cha WannaCry kilichofunga kompyuta za hospitali Uingereza mwezi Mei 2017 kilipenya kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi ya mwaka ule ule.

"Kampuni hupunguza kasi makusudi ili tununue mpya"

Tuhuma hii ina asili. Desemba 2017 Apple walikubali kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba betri dhaifu ikidaiwa umeme mwingi kwa ghafla, simu hujizima. Ukiweka betri mpya, kasi ilirudi. Watu walikasirika kwa sababu hawakuambiwa. Bei ya kubadilisha betri ikashushwa Marekani kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Faini hiyo Apple waliistahili. Lakini hayo yalihusu simu na betri, na kutoka hapo hadithi ikaenezwa hadi kila kifaa chenye kioo.

Kwa laptopu kuna jambo linalofanana nalo kidogo, na wengi hawalijui. Zipo ambazo zikichomekwa chaja isiyotambulika, au yenye wati pungufu, hupunguza kasi ya prosesa ili zisiivute chaja kupita uwezo wake. Chaja za kando ya barabara ndizo zinazosababisha hili. Mara nyingi onyo hutokea kwa herufi nyeupe wakati wa kuwasha, watu wakabonyeza Enter bila kusoma.

Kisha kuna mwisho wa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Mashine haikuwa nzito zaidi tarehe 15. Ilichokosa ni viraka vya usalama. Na Windows 11 haizikubali rasmi laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujasikia sifa za skrini, soma namba: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na kuanzia cha kumi huwa mbili. Za kizazi cha sita zimejaa makabatini, na muuzaji hana haraka ya kukufafanulia.

"Fomati ndiyo dawa"

Fomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, huondoa ule mzigo wa programu, kwa hiyo kwa wiki chache mteja hufurahi. Ugonjwa ukiwa kwenye diski, hurudi.

Laptopu nyingi za kabla ya 2018 zilikuja na diski ya visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa chembamba kikihamahama juu yake kutafuta data. Kila kuhama huchukua milisekunde kumi au zaidi. Si kitu, mpaka ukumbuke kwamba Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, nayo hufika kwenye faili kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo sababu ukifungua ile Task Manager utaona prosesa iko asilimia 8, imekaa haina kazi, na diski iko 100. Prosesa inangoja. Mwenye mashine naye anangoja, na lawama zinakwenda kwa Windows.

Tena diski ya visahani huzeeka kikweli, na hapa yule anayesema "imezeeka" ana haki yake. Sehemu za uso wake huharibika, diski ikajaribu kusoma pale pale tena na tena kabla haijakata tamaa, na katika muda huo kila kitu hukwama: kishale cha mausi kinatembea lakini hakuna kinachofunguka. Kuanguka na kutikiswa ikiwa inazunguka huchangia, na stima ikikatika ghafla kwa laptopu isiyo na betri huongeza madhara. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha hali ya diski. Ukiona rangi ya njano au nyekundu, usikubali fomati. Nakili kwanza picha na hati zako mahali pengine, siku hiyo hiyo, halafu ndipo uzungumze habari ya SSD. SSD ya GB 256 ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine, na hicho ndicho "kitu kimoja" anachobadilisha yule muuzaji. Usiijaze pomoni tu, maana nayo ikikaribia kujaa hupunguza kasi.

Vijidawa vingine

Kubonyeza Refresh mara saba juu ya skrini hakuharakishi chochote. Huchora upya picha za mafaili, basi. Kufuta picha za harusi hakusaidii ikiwa diski ina nafasi ya kutosha. Programu za "kusafisha rejistri" (daftari la mipangilio ya Windows) Microsoft hawaziungi mkono, na nyingine ndizo zinazokuletea matangazo. Programu za wizi zilizofunguliwa kwa "crack" ni hatari zaidi, kwa kuwa zimewahi kubeba vijiprogramu vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako na stima yako.

Na anayesema ameizima usiku kucha ikapumzika? Tangu Windows 8, Shut down kwa kawaida haizimi mfumo wote. Hulaza kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka, pamoja na uchafu wake wa jana. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa laptopu iliyokataliwa na Windows 11 ilhali bado ni nzima, Linux Mint, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, ya toleo jepesi la Xfce inakwenda vizuri kwa RAM ya GB 4, haina ada, na masasisho yake yanaendelea. Tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen, barua pepe na YouTube hufunguka kwa brauza vile vile. Anayefanya hesabu za duka kwa QuickBooks ya kusakinishwa, au albamu za harusi kwa Photoshop, abaki na Windows. Huyo atafute SSD na RAM ya GB 8, na aulize kwanza kama RAM ya mashine yake ni ya kuchomeka au imechomelewa kwenye bodi, maana nyembamba nyingi za siku hizi hazifunguliki hapo.