"Po" ya Kitagalog: heshima inayokaa ndani ya sentensi

"Po" ni neno la heshima la Kitagalog, lugha ya Manila na majimbo jirani, ambayo ndiyo msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino. Halitaji kitu wala tendo, na si "tafadhali" kama wageni wengi wanavyodhani; ombi lina kiambishi chake, "paki-". Kazi ya po ni kumwonyesha unayesema naye kwamba unamheshimu, basi. "Salamat" ni asante. "Salamat po" ni asante hiyohiyo kwa mtu mzima, kwa usiyemjua, kwa dereva, kwa mama muuza matunda.

Sisi heshima tumeizoea kwenye maamkizi. Ukishatoa shikamoo ukaitikiwa marahaba, mazungumzo yanaendelea. Hakuna anayekudai shikamoo nyingine kila ukifungua mdomo. Mzungumzaji wa Kitagalog mwenye adabu huirudia heshima hadi mwisho wa maongezi. Swali lina po, jibu lina po, hata kukataa. "Ndiyo" kwa rika lako ni "oo", kwa mkubwa ni "opo". "Hapana" ni "hindi", kwa mkubwa "hindi po". Wachuuzi wakikuzonga mtaani, "hindi na po, salamat" inakataa bila kumvunjia mtu heshima. Mgeni akisahau po hatagombezwa, lakini akiitumia, sura za watu hubadilika. Ndiyo maana naona ni makosa kuiweka mwishoni mwa orodha za maneno ya msafiri, kana kwamba ni pambo.

Po ina mwenzake: "kayo", yaani ninyi. Mkubwa, hata akiwa mmoja, huambiwa ninyi. Rafiki utamwuliza "kumusta ka?", mama yake "kumusta po kayo?" Ukichanganya, ukasema "kumusta ka po", umeheshimu kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Mahali pake katika sentensi ni baada ya neno la kwanza. "Magkano po ito?" ni "hii bei gani?" "Nasaan po ang CR?" ni "choo kiko wapi?" (CR hutamkwa si-ar, na ndilo jina la choo nchi nzima.) Viwakilishi vya silabi moja hulitangulia: "hindi ko po alam", sijui. Vijineno vifupi kama "na" hufanya hivyo pia, kama katika "hindi na po" ya hapo juu. Sheria hii inatosha kwa safari yote.

Somo zuri kuliko yote liko ndani ya jipni, yale magari ya abiria yenye rangi kali yaliyoanza kuundwa kutokana na magari ya kijeshi ambayo Wamarekani waliyaacha baada ya Vita Kuu ya Pili. Abiria hukaa kwenye mabenchi mawili wakitazamana, na mara nyingi hakuna kondakta. Aliye nyuma hunyoosha nauli akisema "bayad po", malipo haya, au "pakiabot po", nisaidie kufikisha. Wasiojuana wanapokezana pesa hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyohiyo. Ukifika unapaza sauti: "Para po!" Simamisha. Dereva huitwa "manong" au "kuya", kaka, na po hailegei kwa sababu tu ni dereva.

Kimatamshi Mswahili ana bahati. Irabu ni zilezile tano, na "ng" yao ni ng' ya ng'ombe, sauti inayowatesa wageni wengine neno likianza nayo. Hiyo o ya po ikate ghafla kooni, usiivute. Hata "salamat" si ngeni: imetokana na Kiarabu kupitia Kimalay, shina lilelile lililotupa "salama".

Na hodi wanayo. Mlangoni husema "Tao po!", neno kwa neno "mtu", pamoja na heshima. Wa ndani hujibu "Tuloy po kayo", karibuni ndani, ingawa umekuja peke yako.

Usidhani po ni ya wazee tu. Muuzaji humwambia mteja aliye mdogo kwake, na wazazi huwaambia watoto wachanga po ili wazoee kuisikia. Batangas na sehemu nyingine za kusini mwa Manila utasikia pia "ho" na "oho", za heshima pia ila nyepesi kidogo.

Ukivuka kwenda kisiwa cha Cebu, mambo ni mengine. Kicebuano, lugha ya huko, hakina po. Adabu yake iko kwenye sauti na kwenye majina ya kuitana. Asante huko ni "salamat" vilevile, au "daghang salamat" ukitaka kukoleza. Po ikikuponyoka, utaeleweka, kwani Kifilipino hufundishwa shuleni nchi nzima.