Chambo kikidondoka, nani mwingine atakila?

Chanjo ya kumeza ya kichaa cha mbwa hutiwa kwenye kifuko kidogo kinachofichwa ndani ya chambo, mara nyingi chenye harufu ya samaki, kisha chambo hudondoshwa porini kutoka kwenye eropleni. Waswisi walianza mwaka 1978, wakitumia vichwa vya kuku kama chambo. Leo ugonjwa huu umetoweka kwa mbweha wekundu wa Ulaya Magharibi karibu kote. Ni kazi ninayoiamini kwa moyo wote. Ila chambo hakichagui mlaji, na ndani yake mna virusi hai. Ndiyo maana sisi tunaofuatilia usalama hatumtazami mbweha peke yake.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Zimbabwe. Huko wasambazaji wakubwa wa ugonjwa porini ni bweha, jamaa wa mbweha, lakini vyambo vya bweha huokotwa pia na nyani. Watafiti wakawapa nyani chanjo ya SAD Berne, iliyokuwa imetumika Ulaya kwa miaka. Baadhi yao wakaugua kichaa cha mbwa, kilicholetwa na virusi vya chanjo yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Baadaye ikajaribiwa chanjo nyingine, SAG2, ambayo sehemu moja nyeti ya glikoprotini yake (protini ya nje ya virusi), nafasi ya 333, imebadilishwa kwa herufi mbili za kijeni badala ya moja, hivyo si rahisi virusi virudie ukali wake. Nyani waliopewa hiyo walibaki wazima.

Majaribio ya maabara hayatoshi. Mnyama yeyote anayekutwa na kichaa cha mbwa mahali palipotupwa vyambo, virusi vyake visomwe vinasaba: ni vya porini au vya chanjo? Ontario, Kanada, walipofanya hivyo waliwabaini mbweha, rakuni na hata ndama waliougua kwa virusi vya chanjo nyingine ya kumeza, ERA. Bila kusoma vinasaba, wangehesabiwa kama wagonjwa wa kawaida.

Binadamu naye yumo. Chanjo nyingine ya vyambo, V-RG, imebebwa na vaksinia, virusi vilivyotumika kuchanjia ndui. Mwaka 2000, Ohio, mama mjamzito aling'atwa na mbwa wake akimnyang'anya chambo, akaambukizwa vaksinia. Alipona na mtoto akazaliwa salama. Vyambo vya Marekani huchapishwa namba ya simu, na wanaopiga huulizwa: kifuko kilipasuka? Una kidonda mkononi? Una mimba, au unatumia dawa za kushusha kinga?

Nikiletewa mpango wa vyambo kwa mbwa wetu wanaozurura, nitaanza kwa kuuliza matokeo ya majaribio kwa nyani, kisha nani atapokea simu hiyo.