Kupima Fremu ya Dirisha Mara Moja Hakutoshi

Katika nyumba za Tanga zenye fremu za mbao, wengi wanaotaka kuweka madirisha ya alumini huamini kwamba inatosha kupima upana mara moja na kimo mara moja, kisha kumpa fundi namba hizo. Imani hiyo inaeleweka, kwani kwa macho fremu huonekana imenyooka.

Hata hivyo, mbao huvimba na kupinda kwa unyevu, na ukuta nao huweza kutitia, hivyo upana wa juu huenda usilingane na wa chini. Ndiyo maana upana hupimwa juu, katikati na chini, na kimo hupimwa kushoto, katikati na kulia. Kipimo kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote, kwa sababu pengo dogo huzibika, ilhali dirisha lililozidi haliingii kabisa. Ukivuta tepu kimshazari kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, kisha ukarudia kwa kona mbili zilizobaki, na vipimo vikatofautiana, fremu imekwenda upande.

Linalosahauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hali ya mbao yenyewe: bisibisi ikizama kwa urahisi sehemu ya chini, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na fremu hiyo ibadilishwe kwanza.