Mama, jibu la swali lako kuhusu tenisi ni refu kidogo

Mama mmoja anayeuza nguo soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, alikuja kiwanjani Jumamosi iliyopita. Alisubiri pembeni mpaka watoto walipomaliza kuokota mipira, ndipo akanisogelea.

"Mwalimu, pole na kazi."

"Asante mama, karibu."

"Huyu mwanangu siku hizi anasema atakuwa kama wale wa kwenye televisheni. Naomba uniambie ukweli. Inawezekana, au tunampotezea muda wa masomo?"

Wingu lilikuwa limeshafunika mlima Loleza na matone yameanza, nikamjibu haraka haraka kwamba inawezekana. Hilo si jibu la kumpa mzazi. Nimekaa nalo wiki nzima, na leo naliandika kwa urefu, kwa ajili yake na kwa kila mzazi wa huku Nyanda za Juu Kusini ambaye binti yake ameshika raketi na hataki kuiachia.

Naanza na Angella Okutoyi, maana huyu ni wa jirani. Alizaliwa Nairobi Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, wakalelewa na bibi. Julai 2022, Wimbledon, Okutoyi na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walicheza fainali ya wasichana wawili wawili. Seti ya kwanza walifungwa 3-6, ya pili wakashinda 6-4, na katika pointi za kuamua mshindi wakashinda 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kuchukua ubingwa wa Grand Slam ya vijana kabla yake. Grand Slam ni yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, na Wimbledon ya London ni mojawapo. Ng'ambo ya wavu siku hiyo walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko.

Shika jina la Mboko. Wazazi wake walitoka Kongo. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa bado nje ya wachezaji 300 bora duniani, anacheza mashindano ya ngazi za chini, anashinda moja baada ya jingine. Mwishoni mwa Julai akaingia mashindano ya Montreal kwa nafasi ya mwaliko, akamtoa Coco Gauff, akamtoa Elena Rybakina, na fainali akamfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Ni yule yule aliyezidiwa kwa pointi mbili na binti wa Nairobi miaka mitatu nyuma.

Na Okutoyi? Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akawa anasoma na kucheza. Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Dhahabu ile ilibeba tiketi ya Olimpiki ya Paris, lakini yenye sharti: mshindi awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakuwemo. Bingwa wa Afrika nzima akabaki nyumbani kwa sababu ya namba. Iliniuma sana siku ile, na bado inaniuma.

Sasa hiyo namba ndiyo kazi yenyewe, mama. Wengi wanadhani maisha ya mchezaji wa kulipwa ni vikombe. Ni pointi. Orodha ya WTA, chama cha wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa ambacho Billie Jean King na wenzake walikianzisha mwaka 1973, huhesabu pointi za wiki 52 zilizopita. Pointi ulizopata Machi mwaka jana zinafutika Machi mwaka huu, na usipozirudisha unashuka hata kama hujafanya kosa lolote. Ukiumia goti, kalenda haikusubiri.

Bingwa wa Grand Slam anapata pointi 2,000. Chini kabisa ya ngazi kuna mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, yanayoitwa W15, ambayo bingwa wake anapata 15. Jina lako haliingii kwenye orodha mpaka upate pointi katika mashindano matatu tofauti, au ufikishe pointi 10. Na msichana haruhusiwi kuanza kabla ya miaka 14, na hata hapo mashindano yake yamewekewa kikomo mpaka afike 18. Sheria hiyo naipenda. Imeokoa watoto wengi wasimalizwe na wazazi na makocha wenye haraka.

Tazama fedha. Anayetolewa raundi ya kwanza kwenye W15 hupata dola 150 hivi. Bingwa wake hafikishi hata dola 2,500, na amelipa mwenyewe ndege, chumba, chakula na nyuzi za raketi. Anayetolewa raundi ya kwanza Wimbledon mwaka 2025 alipewa pauni 66,000. Ukikusanya zawadi za ubingwa wa W15 ishirini, huzifikii fedha za mtu mmoja aliyepoteza mechi moja London. Lakini kuingia pale moja kwa moja lazima uwe kwenye 104 bora au karibu na hapo, na wanaofuata, mpaka nafasi ya 220 na ushee, wanagombania mchujo. Kati ya ubingwa wa vijana na hiyo 220 kuna bonde ambalo televisheni haina habari nalo. Mabinti wengi wa bara letu huishia humo, na si kwa kukosa kipaji. Wanakosa mechi. Mechi ziko Monastir kule Tunisia, Antalya kule Uturuki, Sharm El Sheikh kule Misri, wiki baada ya wiki, na mwenye uwezo wa kukaa huko miezi mitatu ndiye anayeokota pointi.

Ons Jabeur wa Tunisia alilivuka, na tazama lilimchukua muda gani. Alikuwa bingwa wa wasichana wa Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, mwaka 2011. Kuingia 100 bora, ikawa 2017. Kombe lake la kwanza la WTA, Birmingham, ni 2021. Miaka kumi kutoka kombe la mtoto hadi kombe la mkubwa! Mwaka uliofuata akabeba Madrid, akacheza fainali ya Wimbledon na ya US Open, akafika namba 2 duniani. Mzazi asiye na subira angekuwa ameshamwondoa kiwanjani mwaka 2014.

Hayo ni ya dunia nzima. Letu peke yetu ni hewa, na hapa naomba unipe nafasi, maana ndilo jambo ninalolijua kuliko yote.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Hewa ndiyo breki ya mpira uliopigwa, na breki ikilegea mpira unakwenda mbali na unafika upesi. Kisha mpira wenyewe umejazwa presha kiwandani. Huku juu hewa ya nje inausukuma kidogo tu, kwa hiyo unakaza na kudunda zaidi. La mwisho ndilo baya kwa mtoto anayejifunza. Ule mpira unaousugua kutoka chini kwenda juu ili uzunguke, kwa kawaida hewa huukandamiza ukashukia ndani ya mstari. Hapa haushuki vya kutosha. Unaelea, unatoka.

ITF wanalijua hilo, ndiyo maana kuna mpira maalumu wa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mpira wa kawaida ukiachiwa kutoka sentimita 254 unatakiwa kudunda kati ya 135 na 147. Ule wa nyanda za juu hupimwa kwa namna hiyo hiyo na hudunda kati ya 122 na 135, ili ukipandishwa milimani ufanane na wenzake wa pwani.

Kwenye ukuta wa chumba chetu cha vifaa nimechora mistari mitatu ya mkaa: 254, 147 na 135. Siku moja tulipata kopo jipya la mipira ya kawaida. Nikalifungua, likatoa ile fyuu yake, binti wa huyu mama akapanda juu ya stuli na kuuachia mpira bila kuusukuma. Ukapita mstari wa 147 kwa upana wa vidole vitatu. Watoto wakapiga kelele. Nikampa mpira mzee, uliochoka, tuliotumiwa na watu wa Dar wakidhani wanatupa msaada wa vitu vilivyokwisha. Akauachia. Ukagota katikati ya mistari miwili, sawasawa na kitabu kinavyotaka. Tangu siku hiyo mipira mizee siitupi mpaka manyoya yaishe, maana yakiisha nayo mpira unakosa breki kabisa.

Kwa hiyo mtoto wa Mbeya, au wa Iringa ambako ni kama mita 1,600, anakua akijua mpira wa namna moja. Mkono wake umejifunza kujizuia. Mwaka jana nilimpeleka binti huyu Dar kucheza mashindano ya vijana. Basi liliondoka alfajiri, tukapita Makambako, tukateremka Kitonga, na pale Ruaha Mbuyuni joto likatupokea mlangoni. Zaidi ya kilomita 800, tukafika usiku. Asubuhi yake saa 3 alikuwa kiwanjani. Alifungwa 6-1, 6-0 na msichana ambaye, nasema kwa dhati, hakumzidi. Kila mpira wake ulikuwa unaanguka mfupi, katikati ya kiwanja, kama umefungwa kamba. Mwenzake anausogelea taratibu na kuumaliza. Gemu ya nne alinigeukia kwa macho ya mtoto aliyeibiwa kitu na hajui ni nini. Kanuni hazikuniruhusu kumwelekeza akiwa uwanjani. Nilikaa pale nikijua kosa ni langu. Nilitakiwa kumleta siku nne kabla, apige mpira kwenye hewa nzito mpaka mkono ufunguke.

Siku ya tatu alicheza mechi ya kirafiki na msichana yule yule. Walikwenda mpaka 7-5. Alipoteza, lakini mipira yake ilikuwa inafika karibu na mstari wa nyuma.

Ndiyo maana nikiulizwa kama inawezekana, naangalia kwanza idadi ya mechi. Mtoto wangu bora anapata mechi za ushindani kumi, labda kumi na mbili, kwa mwaka. Wenzake wa Nairobi, Casablanca au Cairo wanapata hizo kwa mwezi mmoja au miwili. Tofauti hiyo haizibiki kwa mazoezi ya ukutani, hata kama ukuta wetu ni mzuri.

Na masomo, mama, usimwondoe. Nasema hivi kama kocha. Njia ninayoiona wazi zaidi kwa binti wa hapa ni ile ya Okutoyi: amalize sekondari na alama nzuri, Kiingereza chake kikae sawa, awe amecheza mashindano ya vijana ya ITF ya kutosha kuonekana, kisha aombe nafasi ya chuo Marekani. Huko atapata kiwanja, kocha, daktari wa misuli na mechi kila wiki bila kulipia chumba cha hoteli. Wapo wanaodai chuo ni mwisho wa mchezaji. Danielle Collins alitokea Chuo Kikuu cha Virginia akacheza fainali ya Australian Open 2022. Emma Navarro, wa chuo hicho hicho, alifika nusu fainali ya US Open 2024 na kuingia 10 bora. Okutoyi mwenyewe ni wa 2004. Jabeur alikuwa na miaka 22 alipoionja 100 bora kwa mara ya kwanza.

Raketi mpya usinunue kwa sasa, iliyopo inamtosha mwaka huu. Ninachokiomba kwako na kwa wazazi wenzako ni ruhusa ya kuondoka mapema. Mashindano yajayo Dar yanaanza Ijumaa, nasi tutaondoka Jumatatu, basi la saa 12 alfajiri. Watoto ni wanne. Wawili wameshapata pa kulala. Mwenye shangazi au dada wa kuwapokea hao wawili waliobaki, tuonane Jumamosi kiwanjani kabla mvua haijaanza.